Maji Laini ya Mama Dorah

Ukitaka kumuudhi Wankyo, mwambie maharage yake ni magumu. Mengine atakuvumilia. Mwambie amezeeka, atacheka. Mwambie kanga yake imepauka, atakuuliza ya kwako umeinunua lini. Lakini maharage, thubutu! Senta nzima ya Kyamatare, hapo mbele kidogo ya Nyamuswa, hakuna aliyewahi kung'ata punje ngumu kwenye sufuria ya Mama Dorah. Hiyo ndiyo heshima aliyobaki nayo duniani baada ya mumewe kufariki na mwanaye wa pekee, Dorah, kuolewa Musoma.

Na heshima hiyo aliipata kwa sababu ya bomba. Ngoja nikueleze habari za bomba, maana bila hizo hutaelewa kilichompata mjukuu wake Gloria.

Zamani Kyamatare walikuwa wanachota lamboni. Maji ya lambo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wanaingia huku, akina mama wanachota kule, na homa ya matumbo kila mwaka ilikuwa na watu wake. Basi likaja gari la kuchimba kisima, likanguruma siku nne nyuma ya kanisa mpaka likatoboa mwamba. Wakafunga pampu ya sola, wakapandisha tenki jeusi juu ya mnara wa chuma, wakaweka koki sita. Siku ya kufungua padri alibariki, watu wakanywa mpaka matumbo yakalia. Maji meupe pee! Ukiyatia kwenye glasi unaona kidole chako upande wa pili.

Furaha ilidumu mpaka siku ya kufua. Unasugua sabuni, unasugua, povu hakuna. Unapata utando mzito unaoganda kwenye nguo kama mtindi ulioharibika. Sufuria zikaota ukoko mweupe ndani. Chai ikawa na ngozi juu. Na maharage, Mungu wangu, yalibandikwa watoto wakienda shule, wakirudi bado ukiyabonyeza yanakuruka. Kuni zinaisha, maharage yapo palepale. Watu wa maji walikuja na vichupa vyao, wakachota, wakaandika, wakaondoka. Majibu hatujayaona mpaka leo, labda yanakuja kwa miguu.

"Haya maji yana mawe," alisema Nyangi, jirani yake Wankyo, mwanamke mwenye wajukuu wanne ndani na mdomo usiolala. "Tumetoka kwa ng'ombe tumeingia kwa mawe!"

Wankyo hakulalamika. Yeye alizaliwa Kibara, pale ziwani, alikulia kwenye maji ambayo sabuni ukiyaonyesha tu yanatoa povu, na tangu aolewe huku juu hakuwahi kukubali kwamba maji yanaweza kumshinda mtu. Akakumbuka mama mkwe wake alikuwaga anatia punje ya magadi kwenye mlenda ili ulainike. Magadi yale ya mabonge, meupe yenye wekundu kidogo, wachuuzi huyaleta mnadani kutoka upande wa Umasaini. Siku moja akaloweka bonge kwenye bakuli, akachuja, akamimina kwenye ndoo ya maji ya bomba.

Ndoo yote ilichafuka, ikawa nyeupe kama uji. Wankyo akasema basi, nimeharibu maji, akaenda kufagia uwanja. Aliporudi, weupe ule ulikuwa umeshuka wote chini, umelala kwenye kitako cha ndoo kama unga, na juu yamebaki maji maangavu. Akayaonja, laini. Akatia sabuni, povu! Akabandika maharage, na kabla hajamaliza kupukuchua mahindi ya debe moja, maharage yalikuwa yamepasuka.

"Nyangi! Hee, Nyangi! Njoo uone uchafu tuliokuwa tunaumeza!"

Nyangi akaja, akaingiza mkono ndooni, akaukwangua ule unga kwa ukucha, akautazama. "Yesu wangu. Na hivi ndivyo vilivyokuwa tumboni mwetu?"

Baada ya miezi miwili hakukuwa na nyumba Kyamatare isiyokuwa na ndoo ya kutulizia maji. Watu wakayaita maji laini ya Mama Dorah. Katekista alimtaja kanisani kwa jina. Wankyo akajidai, na nani asingejidai? Akawa anapita kwa wake wapya kuwaelekeza: bonge la kidole gumba kwa ndoo moja, usiwe na haraka, ukichota usikoroge, na ule unga wa chini umwage mbali, hata kuku wasiudonoe. Dorah naye, kule Musoma, akawa anatumiwa kopo la magadi kwa basi kila linapokwisha. Yeye anakunywa maji ya ziwa, lakini mama yake alimwambia ziwa nalo lina uchafu wake, na mtoto humwamini mama yake.

Gloria aliletwa Kyamatare akiwa na mwaka na nusu, wakati mama yake ana mimba ya mdogo wake, Emanuel, mimba ya kutapika asubuhi mpaka jioni. Aje akae kidogo, walisema. Kidogo ikawa miaka minne. Mtoto alimzoea bibi kuliko mama, analala ubavuni mwake, anakula maharage yake kwa kijiko cha mbao, na bibi ukimgusia habari ya kumrudisha alikuwa anabadilisha maneno. Alimpenda yule mtoto mpaka wivu ukamwingia, niseme ukweli.

Ilianza kwenye meno. Yaliota yana madoa ya kahawia, kama mtu aliyekunywa chai ya rangi miaka arobaini. Wankyo akamsugua kwa mkaa, akamsugua kwa chumvi, wapi. Watu walicheka tu, wakayaita meno ya Kyamatare, maana watoto wengine nao walikuwa nayo.

Halafu ikawa miguu. Magoti ya Gloria yaliachana, yakatoka nje, akikimbia miguu inachota hewa pembeni.

"Huyu atacheza mpira," Nyangi alimtania. "Matege haya, atawapiga chenga wote!"

Wankyo alicheka naye. Lakini usiku wa kwanza mtoto alipolia magoti yanamuuma, hakucheka. Akamkanda kwa maji ya moto. Mwezi uliofuata Gloria aliacha kuruka kamba, mwingine akaacha kukimbilia watu, akawa anakaa kwenye kizingiti anawatazama wenzake wakicheza, ameyashika magoti yake kwa mikono miwili. Bibi akahofu. Akafikiri, mtoto huyu ana damu nyepesi, uchafu kidogo tu unamdhuru. Kwa hiyo akamtengea Gloria ndoo yake peke yake, akawa anatia mabonge mawili.

Mabonge mawili, jamani. Kila siku, kwa mkono wake, kwa upendo.

Jumapili moja kanisani watoto wa kikundi cha Utoto Mtakatifu walikuwa wanacheza kuelekea altare na sadaka, wamevaa sare, vigelegele vinapigwa. Mgeni mmoja kutoka Butiama, aliyekaa jirani na Wankyo, akamnong'oneza, "Uchezaji wenu mzuri, mmewafundisha kuyumba hivyo?" Wankyo akatazama. Hakuna aliyewafundisha kuyumba. Ile ndiyo ilikuwa miguu yao. Mmoja, wawili, watano, magoti nje, nyonga zinapanda na kushuka, mjukuu wa Nyangi wa tatu kwenye mstari. Alikuwa katikati ya watu wanaoimba kwa furaha. Aliendelea kupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Kesho yake alimbeba Gloria mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka mitano na nusu, akapanda naye bodaboda mpaka Nyamuswa, wakachukua gari la Bunda. Hospitalini Gloria alipigwa picha ya mifupa. Daktari alikuwa kijana, anaitwa Danford, mpole, anauliza maswali mengi mpaka unachoka. Mtoto anakula nini? Maziwa anapata? Maji mnachota wapi?

"Bomba la kisima kirefu," alisema Wankyo. "Lakini mimi si kama wengine, daktari. Ya kwangu nayalainisha."

"Unayalainisha na nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, kama alivyozoea kuwaeleza wake wapya, bonge, bakuli, kuchuja, kutuliza, na jinsi uchafu unavyoshuka. Katikati ya maelezo aliona kijana ameacha kuandika.

"Mama yangu," alisema Danford, "magadi hayo mmetumia muda gani?"

"Tangu bomba lije. Kwani?"

Daktari akaiweka ile picha dirishani ili aione. Akasema ndani ya maji ya visima vingine kuna madini yanaitwa floraidi, kidogo hayana neno, yakizidi yanaharibu meno ya mtoto na kuipinda mifupa inayokua. Huenda kisima chenu kinayo, akasema, kinatakiwa kupimwa. Lakini magadi mengine yana floraidi nyingi mno, kuliko hata maji. Na ule unga mweupe wa chini haukuwa uchafu. Ulikuwa chokaa, ndiyo iliyoyafanya maji kuwa magumu, na mfupa wa mtoto unaihitaji.

"Tulikuwa tunaimwaga," alisema Wankyo.

"Ndiyo, mama."

"Mbali. Hata kuku wasiidonoe."

Danford akaishusha picha dirishani. Wankyo akauliza la mwisho, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Atanyooka?"

"Bado mdogo. Akiacha magadi leo, akiacha na maji ya hapo, apate ya mvua au ya ziwa, apate maziwa, dagaa, anaweza kunyooka. Kwa kiasi. Akiendelea, mbele ni kupasuliwa, na wapo wanaopasuliwa halafu inapinda tena. Na mama, ukirudi waambie wenzako. Wote wanaotumia."

Njia nzima ya kurudi, Gloria amelala mapajani, Wankyo alikuwa na vitu viwili kichwani: maji na magadi. Maji si yake, yaliletwa na gari. Magadi ni yake. Na binadamu, we mjue binadamu, kwenye lawama mbili atachagua ile yenye jina la mwingine.

Alipofika senta, akina mama walimzunguka. Daktari kasemaje? Akasema, "Kasema ni maji ya bomba. Yana madini mabaya."

Waliwaka. Walilitukana lile gari la kuchimba, wakawatukana wenye vichupa, mmoja akasema twende kwa mtendaji. Nyangi akatuliza. "Ngojeni. Si tunayalainisha? Kama yana madini, uchafu wake si tunautoa? Labda tunatia kidogo. Mama Dorah, mimi naona tuongeze magadi."

Hapo ndipo pa kusema. Wote walimgeukia, wanasubiri neno lake, maana yeye ndiye mwenye elimu hiyo. Maneno alikuwa nayo, daktari alimpa. Alichokosa ni uso wa kuyasema, mbele ya wanawake aliowafundisha mwenyewe nyumba kwa nyumba. Akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani. Kupitia dirishani alimsikia Nyangi akiwaambia wenzake mabonge mawili yatatosha, Mama Dorah mwenyewe anatia mawili kwa Gloria.

Magadi ya kwake aliyatupa chooni usiku uleule. Ya kwake tu. Siku zikapita, akajiambia kesho nitasema, kesho ikifika anaona moshi unatoka kwa watu kumi na maharage yananukia vizuri, anashindwa. Alikuwa anaagiza maji ya ziwa kutoka Bunda kwa mwenye pikipiki, dumu moja, Gloria anakunywa peke yake. Usiku alikuwa anasikia watoto wa kwa Nyangi wakilia, na sasa alijua wanalilia nini. Alilala ameziba masikio na kanga.

Akampigia Dorah. Akamwambia maji ya Kyamatare yanamharibu mtoto, namleta huko kwenu anywe ya ziwa.

"Mlete mama, hata leo," alisema Dorah. "Halafu ukija nibebee magadi, kopo limebaki robo."

Wankyo akaihamishia simu sikio la pili.

"Nitaona," alisema. Alijipa moyo: maji ya ziwa ni laini, hayahitaji kutulizwa, mtu atatia punje kwenye maharage, punje itafanya nini? Emanuel yuko salama. Alikuwa hajamwona huyo Emanuel tangu anatambaa, kwa sababu Dorah akija Kyamatare anakuja mbio na kurudi, mtoto anamwacha kwa wifi yake.

Wiki mbili baada ya hospitali, alifunga safari na Gloria. Walifika Musoma saa sita, wakatembea taratibu mpaka nyumba ya Dorah, Nyasho, Wankyo amempa Gloria mkono, kila hatua chache wanapumzika. Na pamoja na uchovu alikuwa na furaha, ya kwanza tangu kanisani. Alilisikia ziwa kwa harufu. Alimwambia Gloria, "Hapa utapona, mama yangu. Hapa maji ni ya Mungu mwenyewe."

Dorah akatoka mbio na mikono yenye unga, akamkumbatia mama, akapiga magoti akamkumbatia binti yake, akaitazama ile miguu, akalia kidogo, akajifuta. "Basi, basi. Umefika kwa mama. Emanuel! Njoo umsalimie bibi!"

Mtoto alitokea nyuma ya nyumba, wa miaka mitatu na kitu, ameushika ukuta kwa mkono mmoja. Wankyo aliuona mwendo kabla ya kumwona uso. Nyonga inapanda, inashuka. Magoti nje.

"Shikamoo bibi," alisema Emanuel. Akatabasamu. Meno yalikuwa ya Kyamatare.

"Huyu," alisema Wankyo, "huyu anakunywa maji gani?"

"Ya bomba mama, ya ziwa. Si unajua. Hayo ni matege ya utoto tu, yataisha." Dorah alikuwa anamfuta mtoto makamasi. "Na nayalainisha vilevile kama ulivyonifundisha. Ndiyo maana magadi yananiishia haraka. Unakumbuka nilikuuliza kwa nini ya huku hayatoi ule unga mwingi? Ukasema basi niongeze mpaka utoke."

Alikumbuka. Alikuwa anachambua maharage siku hiyo, simu ameibana kwa bega, akajibu bila hata kufikiri.

Gloria alikuwa na kiu ya safari. Alikuwa ameshafika kwenye ndoo ya mlangoni, ameshafunua mfuniko, kikombe kiko mdomoni. Wankyo alikipiga kikombe kile kikaruka mpaka kwenye jiko. Mtoto akaangua kilio. Bibi akaipindua na ndoo yenyewe, kwa miguu, kwa mikono, maji yakajaa uwanja mzima, majirani wakachungulia.

"Mama! Mama, una nini wewe?"

"Ni mimi," alisema Wankyo. Alikuwa amekaa chini kwenye tope, kanga imelowa. "Ni mimi, Dorah. Si bomba peke yake. Magadi. Daktari aliniambia, nikanyamaza. Nimewapindisha mimi, wote wawili, kwa mkono wangu huu."

"Alikwambia lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Dorah alimtazama Emanuel. Aliitazama miguu yake kama ya mtoto wa mtu mwingine aliyeletwa sasa hivi, akaligusa goti moja, akaligusa la pili. Wiki mbili. Alikuwa amemnywesha kila siku, asubuhi na jioni. Wankyo alisubiri kupigwa, na angeshukuru.

"Na huko Kyamatare?" aliuliza Dorah bila kumtazama. "Wanajua?"

"Hawajui. Wameongeza."

Dorah akaingia ndani, akatoka na simu, akamtupia mapajani. "Piga. Sasa hivi, mimi nikisikia."

Vidole vilikuwa vinateleza kwa tope. Nyangi alipokea kwa kelele zake zilezile. "Mama Dorah! Mmefika salama? Gloria ameshaliona ziwa?"

"Nyangi, mwaga maji."

"Maji gani?"

"Yote. Ya ndoo, ya mtungi, yaliyoko jikoni na maharage yake. Niliyokufundisha mimi. Magadi ndiyo yanayowapinda watoto, nimeambiwa na daktari nikakuficha. Nitukane baadaye, Nyangi, nitukane maisha yangu yote, lakini yamwage kwanza."

Wankyo akasikia kitu cha bati kikianguka, na Nyangi, mbali na simu, anawaita wajukuu zake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, waje upesi wasimame mbele yake.